Kutenganisha Madini ya Salfaidi kwa Povu: Mwongozo Kamili, Kutoka Jiwe hadi Makinikia

Shika kipande cha mbale (mwamba wenye metali) ya risasi na zinki ukigeuzegeuze juani. Galena, madini ya risasi, inameta kijivu kama chuma kilichokatwa sasa hivi. Sfaleriti, madini ya zinki, ina kahawia ya utomvu ulioganda. Piriti, ya chuma na salfa, inang'aa kwa ile njano iliyowahadaa wengi wakaidhania dhahabu, na katikati yao imejaa kwatzi isiyo na faida kwetu. Jicho linayatambua yote kwa mara moja. Kazi ni kuifanya mashine iyatambue vilevile, tena yakiwa yamesagwa kuwa unga na kukorogwa ndani ya tope.

Kuyayeyusha yote pamoja ni kujitafutia balaa. Tanuri la risasi halitaki zinki, kiwanda cha zinki hakitaki chuma kingi, na tanuri la shaba hukata bei kila likikuta aseniki. Kwa hiyo kila metali lazima ifike kwa mnunuzi wake ikiwa peke yake, au karibu na hapo, katika umbo la makinikia, yaani unga uliokusanya metali hiyo.

Kutenganisha kwa uzito kunafika mahali kunakwama. Galena ina msongamano wa karibu 7.5 na kwatzi 2.65, basi hizo mbili zinaachana bila ugomvi. Lakini sfaleriti ni karibu 4.0, kalkopiriti (madini ya shaba) 4.2 na piriti 5.0, na zikishakuwa unga maji huzibeba zote kwa namna moja. Ndiyo maana kule Broken Hill, Australia, mwishoni mwa karne ya 19, risasi na fedha zilichukuliwa na zinki ikabaki imerundikwa kwenye vilima vya mabaki, inaonekana lakini haivuniki. Kilichoikomboa ni povu. Mwanzoni mwa karne ya 20 wahandisi wa pale walifaulu kuyafanya madini ya salfaidi, yaani metali iliyoungana na salfa, yashikamane na viputo vya hewa na kupanda juu, huku mawe tupu yakibaki chini.

Siri iko kwenye ngozi ya punje. Punje inayopenda maji hulowa na kubaki ndani ya tope. Punje inayoogopa maji hukimbilia kwenye kiputo. Kemikali zote tutakazotaja zinafanya moja kati ya mawili: kuitia punje hofu ya maji, au kuiondolea hofu hiyo. Kwa kuwa ni ngozi tu inayohusika, mengi huharibika kabla ya povu lenyewe, yaani kwenye kusaga na kwenye maji. Anayeanza akiona matokeo mabaya huongeza dawa. Mara nyingi dawa haina kosa lolote.

Hatua ya kwanza: ijue mbale yako

Cheti cha maabara kinachosema "shaba 2%" hakikuambii kitu cha kutosha. Shaba hiyo inaweza kuwa kwenye kalkopiriti, ambayo hupanda kwa urahisi, au kwenye malakiti, ambayo ni kaboneti na haipandi kirahisi kwa dawa za kawaida za salfaidi. Fanya kipimo cha shaba inayoyeyuka kwenye asidi hafifu ya salfuriki. Malakiti itayeyuka, kalkopiriti itabaki karibu yote. Sehemu kubwa ya shaba ikiyeyuka, njia ya povu peke yake siyo yako.

Kisha mtafute mtu mwenye hadubini ya mwanga unaoakisiwa. Vipande vya mbale hugandishwa kwenye gundi ngumu, hung'arishwa, na kutazamwa. Unataka kujua mambo mawili. La kwanza ni ukubwa wa punje: galena ikiwa na punje za mikroni 200 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), maisha ni mepesi, ikiwa na punje za mikroni 15 zilizofumwa ndani ya sfaleriti, jiandae kwa gharama ya kusaga. La pili ni namna zilivyoshikana. Kuna hali ambayo sfaleriti imejaa vitone vidogo mno vya kalkopiriti kama madoa ya surua, na wataalamu wa madini huiita ugonjwa wa kalkopiriti. Hakuna kinu kitakachovitoa vitone hivyo. Makinikia yako ya zinki yatakuwa na shaba kidogo, na ni heri ulijue hilo leo kuliko baada ya miezi sita ya kulaumu kemikali.

Vilevile uliza sfaleriti yenyewe ina chuma kiasi gani ndani ya fuwele zake. Sfaleriti safi ina zinki 67%. Ikiwa chuma kimechukua nafasi ya zinki hadi kufikia 10% ya uzito, punje safi kabisa haitafikisha hata 60% ya zinki. Nimeona watu wakisafisha makinikia mara nne, mara tano, wakikifukuza kiwango ambacho jiwe lenyewe halina.

Jambo la mwisho ni uhifadhi. Salfaidi iliyovunjwa huanza kuoza kwa oksijeni siku hiyohiyo, na pirotiti, salfaidi nyingine ya chuma, ndiyo yenye haraka kuliko zote. Sampuli ifungwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa na ikae kwenye friza. Sampuli iliyokaa wazi miezi mitatu itakupa majibu ya mbale ambayo haipo mgodini.

Hatua ya pili: kuvunja na kusaga

Vunja mawe hadi yote yapite kwenye chekecho la milimita 2, changanya vizuri, kisha gawa kwa kigawanyio kuwa mifuko ya kilo moja moja. Usichote kwa koleo kutoka kwenye rundo. Punje nzito huteremka chini na mifuko yako haitafanana.

Tia kilo moja kwenye kinu pamoja na maji kama mililita 600, ili mango, yaani unga mkavu, iwe karibu 62% ya uzito wote. Saga mfuko wa kwanza dakika 10, wa pili 20, wa tatu 30. Kila mmoja upitishe kwenye chekecho la mikroni 75 kwa maji, kausha, pima kilichobaki, na uchore mstari wa muda dhidi ya ukubwa. Kuanzia hapo ukitaka 80% ya unga ipite mikroni 75, au 106, unasoma dakika kwenye mchoro.

Usage hadi wapi? Hapa ndipo hukumu yako inapohitajika. Punje zisipoachana, hakuna kemikali itakayozitenga, kwa sababu punje yenye nusu galena na nusu sfaleriti haina pa kwenda. Ukisaga mno, unazalisha vumbi la chini ya mikroni 10 ambalo hukutana na viputo kwa shida na hubebwa na maji kwenda kokote. Upande wa pili, punje za zaidi ya mikroni 150 au 200 huanza kuwa nzito kwa kiputo na hudondoka njiani. Kati ya hapo ndipo mavuno yalipo.

Galena ina tabia yake. Ni laini na huvunjika vipandevipande, kisha ni nzito. Kiwandani, tope linalotoka kwenye kinu hupita kwenye haidrosaikloni, ambayo hurudisha punje nzito kinuni zisagwe tena. Haidrosaikloni haijui tofauti ya "kubwa" na "nzito". Punje ndogo ya galena iliyokwisha kuachana na mwamba huonekana kwake kama jiwe kubwa, hurudishwa, husagwa tena na tena hadi kuwa vumbi. Kwa sababu hiyo viwanda vingine huweka seli moja ya povu, yaani chombo cha kupandishia povu kwa hewa, palepale kwenye mzunguko wa kusaga, iokote galena inayopita kabla haijaharibiwa. Ukiona risasi nyingi kwenye mabaki iko chini ya mikroni 10, anza kushuku hapo.

Dawa ya mbale zilizofumwa kwa punje ndogo si kusaga kila kitu hadi mwisho. Saga kwa kiasi, pandisha makinikia ghafi, yatakayokuwa sehemu ndogo ya uzito wote, kisha saga hayo peke yake hadi mikroni 30 au 20. Umeme unaookolewa ni mwingi.

Gololi za kinu nazo zina neno. Chuma cha kawaida humomonyoka na kuacha hidroksidi ya chuma kwenye ngozi za salfaidi, tena hula oksijeni ya kwenye tope. Mbale moja ikisagwa kwa chuma cha kawaida na ikasagwa tena kwa chuma kisichopata kutu inaweza kutoa matokeo tofauti kabisa. Maabara itumie gololi za aina ileile ya kiwandani.

Hatua ya tatu: kuandaa kemikali, na kutokufa

Familia ni nne. Kikusanyi ndicho kinachoitia punje hofu ya maji. Kwa salfaidi mfalme wake ni zantheti, iliyopatiwa hataza na Cornelius Keller mwaka 1925, na hadi leo haijang'olewa kwenye kiti. Kitoa povu, kwa kawaida alkoholi kama MIBC, huvifanya viputo viwe vidogo na vidumu. Kizuizi huifanya punje fulani ikatae kupanda. Kiamshi huiamsha ile iliyolala. Juu ya zote hizo kuna kirekebisha pH (kipimo cha uasidi wa tope): chokaa au magadi.

Hesabu ya dozi ina njia rahisi. Yeyusha gramu 10 za zantheti kwenye lita moja ya maji, upate myeyuko wa 1%. Kila mililita ina miligramu 10, na kwa kilo moja ya mbale hiyo ni sawasawa na gramu 10 kwa tani. Unataka gramu 30 kwa tani? Vuta mililita 3 kwa pipeti. Kwa salfeti ya zinki au ya shaba, ambazo huhitajika kwa wingi, tengeneza myeyuko wa 10%, kila mililita iwe gramu 100 kwa tani.

Zantheti tengeneza upya kila asubuhi. Iliyolala huoza, na kesho yake dozi uliyoiandika daftarini si uliyoitia.

Sasa usalama, na hapa sifanyi mzaha. Zantheti ikikutana na asidi huvunjika na kutoa disalfaidi ya kaboni, mvuke wenye sumu unaoshika moto upesi mno. Sianidi, ambayo hutumika kama kizuizi, kwenye pH 9.2 nusu yake huwa imegeuka kuwa asidi ya sianidi, ambayo huvukia hewani na kuua. Kadiri pH inavyoshuka ndivyo inavyozidi. Haidrosalfaidi ya sodiamu, kizuizi kingine, nayo ikipata asidi hutoa gesi ya mayai viza, na pua huzoea harufu hiyo wakati gesi ikiendelea kuzidi, kwa hiyo usiitegemee pua. Chupa ya asidi isikae meza moja na hizo tatu. Kipimo cha pH kirekebishwe kila siku, na anayefanya kazi na sianidi asiwe peke yake chumbani.

Hatua ya nne: panga nani atangulie

Kanuni ya jumla ni kupandisha kwanza kinachopanda kwa urahisi na kukiacha kigumu kwa baadaye, kwa sababu ni rahisi kumwamsha aliyelala kuliko kumlaza aliyeamka. Kwa mbale ya risasi na zinki, galena hutangulia, sfaleriti hufuata, piriti haialikwi. Shaba ikiwapo, kwa kawaida hupandishwa pamoja na risasi kisha hutenganishwa zenyewe kwa zenyewe, au shaba hutangulia peke yake.

Bahati yetu ni kwamba sfaleriti safi haijali sana zantheti. Shida ni kwamba ikiguswa na chembe kidogo tu ya shaba iliyoyeyuka, huamka. Shaba hubadilishana nafasi na zinki kwenye ngozi ya punje, punje ikavaa koti la salfaidi ya shaba, na zantheti ikaishika kana kwamba ni madini ya shaba. Leslie Bradford aliligeuza jambo hilo kuwa njia ya kazi huko Australia mwaka 1913. Sheridan na Griswold wakaleta upande wa pili mwaka 1922: sianidi pamoja na salfeti ya zinki, ili kuilaza sfaleriti wakati galena inapanda. Viwanda vya risasi na zinki vya leo bado vinasimama juu ya vitu hivyo viwili.

Hatua ya tano: pandisha risasi

Salfeti ya zinki itie ndani ya kinu, siyo baadaye. Ngozi mpya za sfaleriti zinapofunguka kinuni, kizuizi kiwe tayari pale kuzipokea. Anza na gramu 500 kwa tani. Wengi huongeza sianidi kidogo. Mimi humshauri anayejifunza aanze na salfaiti ya sodiamu badala ya sianidi. Kwa mbale nyingi inatosha, na kosa la pH halitamgharimu uhai.

pH iwe kati ya 8.5 na 9, na uirekebishe kwa magadi, si chokaa. Kalisi ya chokaa ikizidi huilaza galena yenyewe, huku magadi yakiishusha kalisi iliyomo kwenye maji.

Mimina tope lote kwenye seli ya lita 2.5 na ujaze maji. Kwa kilo moja ya mbale utapata mango karibu 32%. Washa pangaboi, tuseme mizunguko 1,000 hadi 1,200 kwa dakika, valvu ya hewa ikiwa imefungwa. Tia zantheti gramu 30 kwa tani, subiri dakika 2. Tia kitoa povu gramu 15 kwa tani, subiri nusu dakika. Mpangilio huu usiupindue: kizuizi na pH kwanza, kikusanyi baada yake, kitoa povu mwisho. Zantheti ikitangulia kizuizi, imeshaketi.

Fungua hewa. Kwa sekunde chache hakuna kitu, kisha povu linainuka, na kama mambo yapo sawa linakuja jeusi lenye kung'aa, viputo vikiwa vimefunikwa punje hadi huoni maji kupitia kwavyo. Kwangua kila sekunde 10 kwa mwendo uleule na kina kilekile. Dakika ya kwanza iingie sahani ya kwanza, hadi dakika ya 2 sahani ya pili, hadi ya 4 ya tatu, hadi ya 8 ya nne. Ukiyachanganya yote kwenye chombo kimoja umejinyima habari muhimu kuliko zote, yaani nani amepanda mapema na nani kachelewa.

Jifunze kusoma sahani. Chota povu kidogo kwenye sahani nyeupe, ongeza maji, zungusha taratibu huku ukiinamisha kidogo, kama anayeosha mchele akitafuta mawe. Galena hubaki nyuma kama mkia wa kijivu cha chuma, piriti hufuata kwa ukanda wa njano, sfaleriti hutangulia kwa kahawia, na kwatzi hukimbia mbele kabisa ikiwa kama maziwa. Mwendesha mitambo mzoefu huosha sahani hivyo mara nyingi katika zamu moja na hujua tatizo kabla kipimo cha maabara hakijarudi. Kahawia ikipanuka kwenye sahani ya dakika ya kwanza, zinki yako imeamka.

Hilo lilinipata. Wiki nzima makinikia yangu ya risasi yalikuwa yamejaa zinki. Nikaongeza salfeti ya zinki, nikaongeza tena, hakuna kilichobadilika. Mwishowe niligundua kuwa ndoo niliyotumia kuchotea maji ya seli ndiyo niliyokuwa nimeoshea vyombo vya salfeti ya shaba. Matone tu! Kiwandani ugonjwa huu huja kupitia maji yanayorudishwa kutoka bwawani, au kutoka ndani ya mbale yenyewe ikiwa ina kovelaiti na kalkositi, madini mengine ya shaba, zinazoyeyuka kidogokidogo. Kabla ya kubadilisha dozi, rudia jaribio kwa maji safi. Tofauti ikionekana, tatizo ni maji.

Hatua ya sita: amsha zinki

Tope lililobaki baada ya risasi lina sfaleriti iliyolala na piriti. Panda na chokaa hadi pH 11 ndipo utie salfeti ya shaba, gramu 300 hadi 600 kwa tani kulingana na zinki iliyopo. Chokaa itangulie kwa sababu shaba huiamsha piriti pia, na kwenye pH hiyo piriti haina nguvu ya kuitika. Subiri dakika 5 kamili. Kubadilishana kwa shaba na zinki kunataka muda. Kisha zantheti, kisha tone la kitoa povu ukiona povu ni dhaifu. Povu la zinki ni la kahawia, na mara nyingi ni zito kuliko la risasi.

Salfeti ya shaba ikizidi haikuletei zinki zaidi. Inayobaki majini hula zantheti, na ikirudi na maji kinuni unarudi kwenye hadithi ya ndoo yangu.

Shaba na piriti, na jozi nyingine ngumu

Mbale ya shaba na piriti ni rahisi zaidi na silaha yake kubwa ni chokaa. Wark na Cox walichapisha mwaka 1934 vipimo ambavyo bado vinafundishwa: kwa zantheti ya ethili ya potasiamu ya miligramu 25 kwa lita, piriti huacha kushika kiputo pH ikipita 10.5, kalkopiriti hushika hadi 11.8, na kovelaiti hadi 13.2. Kati ya 10.5 na 11.8 ndipo pa kufanyia kazi. Galena kwenye vipimo hivyohivyo hukoma kwenye 10.4, ndiyo sababu nyingine ya kutoipeleka kwenye chokaa nyingi.

Molibdeniti, madini ya molibdeni, huogopa maji kwa asili yake, bila kikusanyi. Hivyo hupandishwa pamoja na shaba, kisha makinikia hutiwa haidrosalfaidi ya sodiamu inayoilaza kalkopiriti, na molibdeniti ikapanda peke yake. Kutenganisha shaba na risasi kunataka umlaze mmoja: dikromati huilaza galena, sianidi huilaza shaba. Zote mbili ni sumu, na hapa uchaguzi hutegemea yupi ni mchache zaidi kwa uzito, maana ni nafuu kupandisha kidogo na kuacha kingi chini.

Hatua ya saba: kusafisha

Makinikia ya kwanza ni ghafi. Yana kwatzi iliyobebwa tu na maji katikati ya viputo, bila kushikwa na chochote. Yarudishe kwenye seli ndogo, yazimue hadi mango 10% au 15%, na uyapandishe tena. Kuzimua ndiko kunakofanya kazi: kadiri vumbi linavyopungua katika kila tone la maji, ndivyo linavyopungua kwenye povu. Tunza pH. Zantheti usiongeze, au ongeza tone. Kina cha povu kiwe kirefu kuliko mwanzo, maji yapate muda wa kushuka na uchafu wake.

Mabaki ya seli za kusafisha yana punje zilizoshikana. Kiwandani hurudishwa nyuma, na inafaa yapite kwenye kinu kwanza. Maabara ukitaka kujua athari ya kurudisha huko, fanya jaribio la mizunguko: mifuko sita ya kilo moja mfululizo, mabaki ya kusafisha ya mfuko mmoja yakiingia kwenye mfuko unaofuata. Ni kazi ya siku nzima inayochosha mabega, na ndilo jaribio pekee la maabara ninaloliamini ninapokadiria kiwanda.

Hatua ya nane: hesabu

Kausha kila sahani kwa joto lisilozidi nyuzi 80 hivi, salfaidi zisiungue, pima uzito, peleka vipimo. Mambo mawili hutazamwa pamoja: kiwango cha metali kwenye makinikia, na uvunaji, yaani asilimia ya metali yote iliyoingia ambayo umeipata. Yanavutana. Ukivuna kila kitu, kiwango hushuka. Ukitaka usafi wa hali ya juu, metali hubaki kwenye mabaki.

Kwa vipimo vitatu tu unaweza kupata uvunaji. Tuseme mbale ina shaba 1.2%, makinikia 26%, mabaki 0.15%. Toa mabaki kwenye mbale: 1.05. Toa mabaki kwenye makinikia: 25.85. Gawa ya kwanza kwa ya pili: 0.0406, yaani makinikia ni 4.06% ya uzito wote, karibu tani 25 za mbale kwa tani moja. Zidisha 0.0406 kwa 26 na ugawe kwa 1.2: uvunaji ni 88%. Na kwa kuwa kalkopiriti safi ina shaba 34.6%, makinikia ya 26% ni kalkopiriti robo tatu. Robo iliyobaki uitafute chini ya hadubini ujue kama ni piriti, kwatzi au punje zilizoshikana. Kila moja ina tiba yake: piriti inataka chokaa, kwatzi inataka kuzimua, zilizoshikana zinataka kinu.

Jumlisha pia metali ya sahani zote pamoja na mabaki, ulinganishe na kipimo cha mbale. Zikipishana kwa zaidi ya asilimia 5, usichambue chochote. Kuna sampuli iliyochanganyika au sahani iliyomwagika.

Baada ya povu

Makinikia hutuamishwa kwenye tangi, huchujwa, na hutakiwa kubaki na unyevu wa karibu 8% hadi 10%. Yakiwa makavu mno upepo huyachukua. Yakilowa mno hugeuka uji ndani ya shehena ya meli, na meli zimewahi kupinduka kwa shehena ya namna hiyo.

Mabaki yenye piriti yakipata hewa na maji hutengeneza asidi ya salfuriki, inayoyeyusha metali na kuzipeleka mtoni kwa miaka mingi baada ya mgodi kufungwa. Bwawa la topesumu, yaani la kuhifadhia mabaki hayo, lihesabiwe tangu siku ya kwanza ya usanifu. Viwanda vingine hupandisha piriti hiyo mwishoni kabisa na kuitunza kando chini ya maji, ili mabaki mengine yabaki bila makali.

Makinikia yenyewe nayo hayatulii. Yenye pirotiti nyingi hupata joto yakirundikwa, kwa kuwa kuoza kwake hutoa moto wa polepole. Ingiza fimbo ya chuma katikati ya rundo, iache dakika kadhaa, itoe uiguse kwa uangalifu. Ikiwa ya moto, litandaze rundo upesi lipoe, na siku hiyo usipakie.